Maini Yaliyooshwa kwa Mchanga

Nilifungua friji la mwanangu kutafuta maziwa ya chai, nikakutana na harufu. Haikuwa harufu ya kuoza. Ya kuoza naijua na siiogopi. Hii ilikuwa ya damu baridi, kama chuma kilicholowa, na ndani yake mna utamu fulani unaokaa nyuma ya koo na kukataa kumezwa. Kila rafu ilikuwa na vikopo vya plastiki vimepangwa kama vitabu: maini, figo, mioyo, bandama, vyote vibichi, vyote vimekatwa vipande. Mlangoni mwa friji palibandikwa karatasi ya Kiingereza yenye jina la mbwa na uzito wa kila kitu anachopaswa kula.

"Za wageni hizi?" nilimuuliza Salim, ingawa nilikwisha kujua.

"Za mbwa wangu, mama. Yeye hapikiwi. Mbwa wa porini nani anampikia?" Akacheka. "Hebu nitazamie, wewe ndiye mwenye diploma ya nyama. Nzuri?"

Diploma ninayo, na sioni haya kuitaja. Iko katika fremu ukumbini kwangu, juu ya kochi, mahali ambapo wenzangu hutundika picha za harusi. Diploma ya ukaguzi wa nyama, niliyoisomea ugenini kwa lugha ya watu, sina mjomba wizarani wala baba wa kunishika mkono. Niliporudi Maskati nayo, wanaume machinjioni waliniuliza kama nimepotea njia. Baada ya mwezi mmoja walikuwa wananingoja mimi nipige muhuri ndipo wapakie. Nimepasua maini mengi kuliko waliyowahi kuyaona hao wote kwa pamoja. Najua ini la mbuzi aliyekunywa maji mabaya, najua ini lenye malengelenge ya minyoo, ambalo mbwa akilila bichi huugeuza ua mzima kuwa shamba la mayai ya wadudu. Hayo yote nayajua kwa jicho, bila kuvaa miwani.

Lakini kula ini, sili. Watoto wangu wamekua wakidhani ni kazi iliyonikinaisha. Sikuwaambia kwamba nilianza kulichukia ini nikiwa na miaka kumi, hapa hapa Azaiba, pwani ya Maskati, mwendo wa dakika chache kutoka friji hilo.

Tulikuwa watu watatu: Bibi, Mama, na mimi. Tulikuwa tumetoka Unguja na mabegi mawili na jungu moja, na nyumba tuliyopewa ilikuwa ya makuti ya mtende, karibu na pwani ambako watu walianika dagaa wa kulishia ng'ombe. Harufu ya dagaa ilikuwa kwenye nywele, kwenye mto, kwenye maji ya kunywa. Tulikuwa Waarabu tusiojua Kiarabu. Unguja tuliambiwa turudi kwetu, na kwetu tulipofika wakatuuliza tumetoka wapi. Mama, ambaye kule alikuwa na mtu wa kumfulia, akapata kazi ya kufua nguo kwenye nyumba ya Mzungu mmoja wa mambo ya mafuta, nyumba ya matofali yenye waya madirishani na friji la mafuta ya taa.

Mzungu huyo tulimwita Bwana Mizani. Alikuwa na mizani ya shaba juu ya meza ya jikoni, na kila kitu lazima kipite hapo. Alikuwa pia na mbwa wawili wa kuwindia, warefu, wembamba kama ngazi, mmoja Prinsi na mmoja Bela. Aliamini kwamba mbwa akilishwa chakula cha moto hulegea miguu na hawezi tena kumkimbiza sungura. Basi kila asubuhi mchinjaji alileta ndoo juu ya punda, ndoo ya vitu vya ndani ya mbuzi, vibichi, na kazi ya kuvikata na kuvipima ilikuwa ya mtumishi wake. Mtumishi alipoondoka, kazi ikamwangukia Mama. Hakuna mwanamke mwengine pale Azaiba ambaye angeikubali. Mchinjaji mwenyewe, akishusha ndoo, alimpigia kelele toka getini: "Ya umm-il-kilab!" Yaani, ewe mama wa mbwa. Kisha alicheka hadi punda wake akashtuka.

Mimi nilikuwa wa kufukuza nzi. Nilikaa na ufagio wa makuti mbele ya beseni alimokatia Mama na nikaona yote ambayo mtoto hastahili kuyaona kabla hajanywa chai. Pafu lilikuwa na povu la waridi, ukilibonyeza linatoa sauti kama mtu anayekohoa kwa adabu. Bandama ilikuwa nyeusi, ndefu, kama ulimi wa mtu aliyenyongwa. Figo zilinuka mkojo hata zikioshwa. Siku moja kisu cha Mama kilitoboa nyongo, maji ya kijani yakamrukia kwenye kanga, na kanga ile, aliyokuja nayo kutoka Unguja, haikuvaliwa tena. Halafu mbwa. Hawakutafuna. Walimeza, shingo zao nyembamba zikitanuka, na ukaona kipande kikishuka. Wakati mwengine Bela alikitapika kizima, akakitazama kidogo, akakila tena. Bwana Mizani alisimama mlangoni na kikombe chake, akitabasamu kama mtu anayetazama wanawe wakila iddi.

Bibi hakujua. Alijua Mama anafua nguo, basi. Bibi alikuwa mtu wa tohara, mtu wa kufunika mtungi mara mbili. Mbwa akipita umbali wa nyumba tatu alikunja kanga yake. Mama aliniambia siku ya kwanza, ameninyooshea kidole: "Raya, habari ya mbwa isiingie nyumbani. Bibi akijua tunashika mbwa hatakula kilichopita mkononi mwangu. Na asipokula atakufa. Umesikia?"

Nilisikia. Bibi alikuwa mgonjwa tangu safarini. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, viganja vyake ukivifungua vilikuwa vyeupe kama unga. Akienda rukuu aliona giza, mwisho akawa anasali amekaa. Tulimpeleka kwa daktari mjini Matrah, tumebanana katika gari la watu, na daktari akamvuta chini kope la jicho, akasema damu imekwisha. Ale maini. Kila siku, kipande kama kiganja.

Maini! Sisi tuliokuwa tukila wali na papa mkavu, na siku nyengine tende na maji. 

Wiki ile ile maini yakaanza kuja nyumbani. Mama aliyakata kwenye ndoo kabla ya kitu chochote kupelekwa kwa mbwa, akachagua sehemu laini isiyo na doa, akaifunika katika kopo la samli na kuificha chini ya nguo chafu. Kwenye mizani aliongeza pafu badala yake, na uzito ukatimia. Nyumbani alikaanga kwa kitunguu na pilipili manga, na Bibi akauliza yametoka wapi.

"Mchinjaji, mama. Kanipa hiba. Kasikia unaumwa."

Bibi akainua mikono pale pale. "Mungu amzidishie mchinjaji. Mungu ampe watoto wema." Na kila siku baada ya hapo, kabla hajaweka tonge mdomoni, alimwombea dua yule mtu aliyekuwa akimwita binti yake mama wa mbwa. Mama alitazama chini. Mimi nilipoitazama sahani ile niliiona shingo ya Prinsi.

Katika akili yangu ya miaka kumi, mambo yalikuwa wazi. Ndoo ilikuwa ya mbwa. Kilichomo ndooni kilikuwa cha mbwa. Basi kilikuwa na najisi ya mbwa tangu punda anapofika getini, hata kama pua ya mbwa haijakigusa. Na Bibi yangu, aliyefunika mtungi mara mbili, alikuwa anakula najisi kila mchana na kushukuru. Nilingoja aanguke. Badala yake rangi ikaanza kumrudi. Wiki ya tatu niliamka nikamkuta amesimama kwenye mswala, amesimama kabisa, anashika ukuta kwa kidole kimoja tu. Mama alikuwa nyuma ya mlango, kanga mdomoni, analia kimya.

Halafu ikaja siku ya ulimi.

Mama alikuwa anaanika mashuka. Kopo la samli lilikuwa chini ya nguo kama kawaida, lakini nguo zilikuwa chache, na Prinsi akaingia akinusa. Nilimpiga na ufagio nikachelewa. Nilimwona kwa macho yangu akipitisha ulimi wake juu ya lile ini, mara moja, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayefunga bahasha. Ute ukabaki unang'aa.

Sikumwambia Mama. Angelitupa, na mbwa walikwisha kupimiwa chao, siku ile Bibi angekosa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma juzuu tatu za Kurani chuoni, na nilijua chombo kilicholambwa na mbwa huoshwaje. Mama aliponituma nitangulie nyumbani na kopo, nilipitia pwani. Nikachota mchanga safi, mweupe, mbali na dagaa. Nikalisugua ini kwa mchanga mara moja, kwa bidii, kama ninavyosugua jungu. Kisha nikaliosha kwa maji mara sita, nikihesabu kwa sauti. Lilikuwa likiteleza mikononi kama kitu kilicho hai kinachotaka kurudi baharini. Nikaona nimefanya kazi ya mtu mzima.

Sikujua wakati ule jambo ambalo sasa naweza kulifundisha darasani: ini lililokatwa lina mirija, na mirija huuma mchanga na kuushika.

Mama akakaanga. Bibi akamwombea mchinjaji. Akaweka tonge mdomoni, akatafuna mara moja, na tukasikia sote. Krch.

Bibi akaacha kutafuna.

"Mna mchanga," alisema.

"Mchanga wa wapi, mama?" Mama akainama kutazama sahani. "Labda kitunguu sikukiosha vizuri."

Bibi hakutazama sahani. Alinitazama mimi, kisha mikono yangu, kisha kucha zangu, ambazo zilikuwa na mstari mweupe chini yake.

"Raya. Umeosha mara ngapi?"

Nilitaka kusema uongo lakini hesabu ilikuwa bado mdomoni. "Saba, Bibi."

"Ya kwanza kwa mchanga?"

"Ndiyo."

Mama alikuwa hajaelewa bado. Bibi alitoa kile kipande mdomoni kwa kidole, akakiweka pembeni mwa sinia, akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. "Haya, Shemsa mwanangu," akamwambia Mama, kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele. "N'ambie. Mbwa yupi?"

Yakatoka yote. Mbwa wawili, ndoo, kisu, nyongo, mizani, kopo la samli. Mama alieleza akiwa amepiga magoti, na mimi nilikuwa nimeziba masikio, nikingoja Bibi atapike, nikingoja avunje sahani. Nilikuwa na hakika ataomba maji, asukutue mdomo mara saba.

Hakuomba maji. Aliuliza, "Mbuzi kachinjwa?"

"Kachinjwa, mama, na Muislamu. Yule yule mchinjaji."

"Na siku nyengine zote mbwa kaligusa?"

"Wallahi hajaligusa. Nilikuwa nakata kabla."

"Basi ya mbwa nimekusamehe," alisema Bibi. "Mbwa ana dawa yake, na huyu mtoto kaifanya. Kanitia mchanga menoni lakini kaifanya." Akamtazama Mama. "Lakini yule Mzungu kakupa?"

Mama akashika sinia kutaka kuiondoa.

"Nnakuuliza, Shemsa. Kakupa, au umechukua?"

"Ni chakula cha mbwa, mama! Anawatupia mbwa! Wewe unakufa, na lile libwa linakula ini zima na kulitapika, na mimi niliache?"

"Umechukua," alisema Bibi. Akanigeukia. "Na wewe uliyesoma juzuu tatu, hebu n'ambie. Mate ya mbwa umeosha mara saba. Wizi tunauosha mara ngapi?"

Nakumbuka joto lililonipanda usoni. Niliosha uchafu ambao haukuwa na neno, na ule mwengine nilikuwa naubeba kila mchana katika kopo, naupungia nzi.

Bibi aliacha maini. Hakugombana, hakulia, aliacha tu. Mama alimsihi, akaapa, akakasirika, akamwambia, "Basi kufa, mama, uniache na mtoto huku ugenini!" kisha akambusu miguu. Bibi alisema neno moja kila mara: "Kaombe." Mama kila mara alijibu, "Nikaombe chakula cha mbwa?" Siku ya nne Bibi alisali amekaa. Siku ya sita hakuweza kukaa. Viganja vilirudi kuwa unga.

Siku ya saba Mama akajifunga kanga, akanishika mkono, tukaenda.

Mimi ndiye niliyesema. Naliandika hili kwa fahari kwa sababu ni kweli: katika ile pwani nzima, katika wanawake na watoto wa kike wa pale, hapakuwa na mwengine aliyejua Kiingereza. Mimi nilikijua. Nilikipata Unguja, miaka mitatu ya skuli, na nilikuwa nikikihifadhi kwa kusoma maandishi ya makopo ya maziwa. Nikasimama mbele ya Bwana Mizani, mikono nyuma, nikamwambia kwamba bibi yangu ni mgonjwa, hana damu, daktari kasema maini. Tafadhali bwana. Kidogo tu. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu kama mtu anayengoja kupigwa. Aliniamuru nimwambie pia kwamba tulikuwa tukichukua, na nikamwambia.

Bwana Mizani akawatazama mbwa wake, akawatazama mpaka nikadhani anawaomba ruhusa. Kisha akasema sawa. Alisema kwa wema, sitamdhulumu. Akatoa ini katika ndoo, akalikata mwenyewe, akaliweka juu ya mizani ya shaba, mahali pale pale, na damu ya chakula cha Bela bado haijakauka. Akaongeza kijipande. Akapunguza. Robo ratili.

Ukutani jikoni palikuwa na ubao mweusi ambao aliandikia chakula cha wanyama wake kwa chaki. Mstari wa kwanza: Prinsi, maini kiasi hiki, figo kiasi hiki, moyo. Mstari wa pili: Bela, vivyo hivyo. Bwana Mizani akaokota chaki, na chini ya Bela, kwa mwandiko ule ule mzuri, akaandika mstari wa tatu. Maneno mawili ya Kiingereza, yaani bibi kizee, na mbele yake: maini, robo ratili, kila siku.

Kisha akapangusa vidole na kututabasamia. Hakuna kitu kilichonichukiza kama kile. Nyongo haikunifanya hivyo, wala matapishi ya Bela. 

"Kaandika nini?" Mama aliniuliza kwa Kiswahili, kwa kunong'ona.

Nilisoma tena. Nilikuwa mtoto pekee wa kike Azaiba anayeweza kusoma ubao ule.

"Kaandika kwamba ni hiba," nilisema. "Ya Bibi. Kila siku."

Mama alishusha pumzi mpaka mabega yakateremka.

Nyumbani Bibi alinivuta karibu, maana sauti yake ilikuwa imepungua. "Umeona kwa macho yako akikubali?"

"Nimeona, Bibi. Kakata mwenyewe."

"Kwa radhi yake?"

"Kwa radhi yake. Mpaka kaandika ukutani."

"Kaandika!" Bibi akamtazama Mama, macho yamemng'aa. "Umeona, Shemsa? Ulikuwa unaona haya. Mzungu wa watu, mpaka kaandika." Akanigeukia tena. "Na mimi kanitaja?"

"Kakutaja."

"Kaandika vizuri?"

"Mwandiko wake mzuri sana, Bibi."

Akala. Akainua mikono yake ile myeupe akamwombea Mzungu dua ndefu, ya kumtakia uongofu na umri, na mimi nilikaa mbele yake nikimtazama akitafuna, safari hii bila mchanga. Kila siku nilimletea robo ratili yake, na kila siku nikitoka jikoni niliutazama ubao, na mstari wa tatu ulikuwepo. Bibi alisimama tena kwenye mswala. Aliishi miaka mingi baadaye, aliishi mpaka akaiona diploma yangu, akaishika juu chini akauliza imeandikwaje, nikamsomea neno kwa neno, bila kubadilisha hata moja.

Tangu siku ile ya chaki sijatia ini mdomoni.

"Mama?" Salim aliniita. Nilikuwa nimesimama mbele ya friji muda mrefu, mlango wazi. "Nzuri au mbaya?"

Nikatoa kopo moja la ini, nikalipeleka penye mwanga, nikaligeuza kama nilivyofundishwa. Safi, halina lengelenge wala doa. Nikamwambia ni nzuri, anawe mikono kwa sabuni, na mimi maziwa siyataki tena. Kisha nikafunga mlango na kuisoma ile karatasi yake, polepole, kuanzia juu hadi chini, kila mstari.

Jina lilikuwa moja tu, la mbwa.